Jogoo wa Kiapo

Liong, soma sasa hivi.

Mkufu wa dhahabu wa sanamu ya Babu wa Ardhi, mungu wetu, ulipotea pale kwenye hekalu letu dogo. Jirani yetu Bun-ki akamrukia Thiam-hok, fundi wa paa: "Wewe ndiye uliyepanda juu, mwizi mkubwa! Kata kuku tuone!"

Akate kuku, Liong! Kiapo cha wazee wetu!

Thiam-hok akaleta jogoo mweupe na panga. Akapiga magoti: "Babu, kama nimeiba, shingo yangu iwe hivi." Akakata. Jogoo akakimbia bila kichwa, damu ikanirukia mpaka usoni.

Bun-ki akacheka. "Tangu lini mwizi akaogopa kiapo cha kuku?"

Hapo Thiam-hok akamgeuzia panga. Nilimdaka mkono, nikachelewa. Sikio la Bun-ki, Liong. Sikio zima, sakafuni!

Jogoo alikuwa ameishia chini ya madhabahu, kwenye sanamu ya simbamarara wa jiwe, mnyama wa Babu. Nikainama kumtoa.

Mkufu ulikuwa pale. Ulidondoka kutoka shingoni mwa Babu, ukanasa mgongoni mwa simbamarara. Jogoo amelala juu yake.

Bun-ki wamempeleka hospitali. Thiam-hok amekaa kwenye damu, anarudia neno moja tu: "Nilimwapia Babu, mbona sikumngoja ajibu?"