Salfa Kwenye Mazabodi ya Mjomba

Jumatano. Mvua imeanza tangu alfajiri na haina dalili ya kuacha. Umeme unakuja, unakatika, unakuja tena. Tangu nilipoamka nimekunywa chai ya tangawizi vikombe viwili.

Sipendi siku za namna hii. Fundi wa kompyuta na umeme wa kukatika-katika hawajapatana hata siku moja.

Ngoja nianze na jana. Mama alishuka kwenye bodaboda mbele ya kibanda changu hapa Mtawanya, amepakata kompyuta ya Mjomba Hashimu, ameifunga kwa kanga mbili. Ametoka nayo Mahurunga. Hata salamu yangu hakuiitikia sawasawa. Alisema Bibi sasa hali kitu, anapewa maji kwa kijiko, na anataka jambo moja tu kabla hajafa. Azikwe ubavuni mwa Zuhura.

Zuhura ni mdogo wake Mama wa mwisho. Mimi sikumwona. Alikufa ana miaka mitatu, siku chache tu kabla ya malori kuja kuwachukua watu wa kule mtoni, mpakani, na kuwapeleka kwenye kijiji kipya, enzi zile za Ujamaa. Bibi alikataa kupanda lori. Alikaa chini na kusema hamwachi mwanawe porini bila alama. Katika nyumba nzima aliyejua kuandika alikuwa Mjomba peke yake, kijana wa miaka kumi na saba, akatumwa na daftari lake akapime: hatua ngapi kutoka mkorosho mkubwa wa baba yao mpaka kaburini. Alikwenda, akarudi, akasema ameandika. Ndipo Bibi akapanda.

Tangu mwaka huo, kila mwezi wa Shaabani, Bibi humwita mwanawe amsomee. Mwenyewe hakurudi. Mwanzoni walikatazwa kurudi mahameni, halafu pori likafunga njia, halafu magoti nayo yakagoma. Alibaki na ile hesabu tu. Anasomewa, anasema "alhamdulillahi", anaomba dua, basi.

Daftari liliishia kwa mchwa. Lakini Mjomba alikuwa mwalimu, na alipostaafu alinunua kompyuta, akasema amehamishia kila kitu humo. Halafu kompyuta nayo ikafa.

Sasa sikiliza vituko. Mama anakumbuka hatua arobaini na mbili. Bibi anashikilia sitini. Mjomba, ambaye ndiye msomaji, anasema umri umekwenda, amesahau.

Mtu asome hesabu ileile kila mwaka, miaka yote hiyo, halafu aisahau!

Nilimuuliza Mama kama Mjomba amekubali niifungue. Aliangalia pembeni. Kumbe aliibeba wakati mwenyewe yuko msikitini. Nikajua nimeingizwa kwenye kesi. Kwetu neno la mjomba si la kurukwa, hata harusi yangu isingefungwa bila yeye. Na kweli, jioni alinipigia. Hakufoka. Laiti angefoka. Alisema kwa sauti ya chini, "Mpwa wangu, usijisumbue, hiyo imeshakufa. Irudishe." Akapiga mara ya pili, akapiga na ya tatu, maneno yaleyale. Mimi nikamwitikia "ndiyo, Mjomba", huku mkono wangu wa kulia unafungua skrubu.

Nilipotoa ubavu wa lile boksi nilipiga chafya sita.

Salfa! Ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho, ya njano, imejaa humo ndani. Chini kwenye feni, juu ya mazabodi, ile bodi kuu inayobeba kila kitu, katikati ya waya, kila mahali. Loo! Nyumbani kila mtu anamwaga salfa mlangoni ili nyoka asiingie, na Mama mwenyewe huizungushia mapipa ya mahindi kuzuia sisimizi. Lakini ndani ya kompyuta? Nilimpigia Mama na kumfokea kama vile aliimwaga yeye. Akanijibu kwamba Mjomba aliiweka mwenyewe, na kila mwaka anaongeza, eti sisimizi wasile kumbukumbu. Mwalimu mzima! Salfa ikikutana na unyevu wa huku kwetu inakula shaba. Njia za umeme kwenye ile bodi zilikuwa nyeusi, nyingine zimeshaanza kumenyeka.

Ningeweza kuiacha bodi nikachukua diski peke yake. Ndilo nililofanya kwanza, mimi si mjinga. Nikaichomeka diski kwenye kompyuta yangu, ikakataa kusomeka. Ilikuwa imefungwa kwa neno la siri, na kufuli la namna ile linawekwa kupitia mazabodi, kwenye ile mipangilio ya ndani kabisa inayosomwa kabla mashine haijaamka. Sisi mafundi tunaiita bayosi. Kufuli lenyewe lilitaka bodi yake. Bodi ikifa, diski inabaki jiwe.

Mzee wa kijijini, mwenye kuandika mashairi ya harusi na barua za ushirika, anaficha nini mpaka afunge diski?

Leo asubuhi nimeshinda na spiriti na mswaki wa meno. Nimefuta, nimekausha, nimefuta tena. Memori nimezisugua kwa kifutio cha penseli mpaka meno yake yakang'aa. Njia mbili zilizokatika nimezifunga kwa uzi wa shaba mwembamba. Betri ya kidonge, ile inayotunza saa na mipangilio, ilikuwa imekufa zamani. Nikaweka mpya.

Nikawasha. Feni ikazunguka, ikasimama. Nikazima. Nikabonyeza memori kwa kidole gumba, nikasema bismillahi, nikawasha tena.

Ikalia mlio mmoja mfupi. Mlio mmoja ndio salama, fundi yeyote anaujua.

Kioo kikaniambia saa imepotea na mipangilio imerudi kama ilivyotoka kiwandani. Kisha likaja boksi la neno la siri. Unapewa nafasi tatu, ukikosea inajifunga mpaka uizime. Nikajaribu jina la Mjomba. Nikajaribu la Bibi. Nafasi ya tatu nikakaa nayo muda mrefu. Mjomba Hashimu hajawahi kulitamka jina la yule mtoto mbele yangu. Husema "marehemu". Hata akimsomea Bibi, husema "marehemu".

Nikaandika zuhura.

Ikafunguka. Nilikaa nikikiangalia kile kioo, na sikujisikia fundi hodari hata kidogo.

Haikuishia hapo. Kila ilipotaka kuamka, kioo kiligeuka buluu, maandishi yakapita kama umeme, ikajizima na kuanza upya. Mara tano. Kwa mtu mwingine hiyo ni maiti. Lakini nikajiambia, kama mipangilio imerudi ya kiwandani, basi bodi inazungumza na diski kwa njia mpya, na programu za Mjomba ni za zamani, haziijui njia hiyo. Nikaingia bayosi, nikabadilisha mstari mmoja tu, kutoka njia mpya kwenda ya zamani. Nikahifadhi. Nikatoka.

Ikaamka. Saa nane na nusu mchana, mvua inapiga bati, picha ya mikorosho iliyochanua ikajaa kwenye kioo.

Kulikuwa na faili moja lenye jina la Mahame. Nikalifungua huku nimeshaandaa kalamu ya kunakili hesabu.

"Sikupima," ndivyo linavyoanza. "Mama alinituma nikapime kaburi la mdogo wangu nami sikufika. Nilikaa nyuma ya choo cha jirani, nikahesabu moja mpaka mia, nikarudi. Arobaini na mbili niliitunga njiani. Daftarini sikuandika kitu. Kila mwaka namsomea Mama ukurasa mtupu, na miaka mingine hesabu inanipotea nasema nyingine."

Nilisoma mara tatu. Mwee, Mjomba! Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwake imempeleka kutoka ujana mpaka mvi.

Hapohapo simu ikaita. Mama. Amesikia kwa dereva wake wa bodaboda, aliyepita kibandani muda si mrefu, kwamba mashine imewaka, na ameweka sauti kubwa ili Bibi asikie. Sikupata hata nafasi ya kusema subiri. Nikasikia sauti ya Bibi, nyembamba, inatoka mbali. "Mjukuu wangu. Hatua ngapi?"

Nani angeweza? Niambieni nani angeweza kumwambia mwanamke yule, kwenye mkeka ule, kwamba ukurasa ulikuwa mtupu?

"Arobaini na mbili, Bibi."

"Alhamdulillahi. Upande gani wa mkorosho?"

Mimi nilijua tu yale niliyoyasikia utotoni, kwamba makaburi yalikuwa kwa chini. Nikasema upande wa mtoni. Na nyuma ya Bibi nikasikia mtu anakohoa, kikohozi cha Mjomba, nakijua. Alikuwa chumbani mle. Alisikia kila neno, na alijua najua. Mama akaniombea dua, akasema vijana watakwenda kesho asubuhi na mapanga, wafyeke na kuweka alama kabisa, Bibi asije akaondoka kabla. Simu ikakatika.

Nilijihisi mchafu, lakini nilijihisi pia nimetenda wema. Nakiri yote mawili. Nikamwaga chai iliyopoa, nikarudi kwenye kioo kumalizia kusoma.

"Nilitaka kwenda. Lakini asubuhi ile askari mmoja wa mpakani alitunong'oneza sisi vijana tuliokuwa tunapakia mizigo. Wareno waliokuwa vitani ng'ambo walivuka mto siku mbili kabla, wametega mabomu ardhini, tusikanyage upande wa mtoni, na tusiwatie watu hofu. Niliona haya kumwambia Mama kwamba naogopa. Baadaye ningesema habari za mabomu ningeulizwa, sasa wewe ulipimaje? Ndiyo maana watoto nawaambia kule kuna majini. Nikifa, mtu wa nyumba hii asikanyage pale."

Majini.

Mimi ni mmoja wa watoto hao. Kila likizo tulipokwenda Mahurunga, Mjomba alitukusanya na kutukataza lile pori la chini ya mikorosho, akituonyesha fimbo. Mpaka leo hakuna anayelima pale. Watu wamelima kila kipande mpaka ukingo wa mto, pale wamepaacha. Na walioambiwa pamoja naye asubuhi ile, sijui kama amebaki hata mmoja.

Na mimi nimewatuma binamu zangu huko na mapanga. Kwa mdomo wangu. Upande wa mtoni, nimesema.

Nilimpigia Mama. Haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani, kule umeme ukikatika simu zinazimika kwa zamu. Nikampigia Mjomba. Aliipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Umesoma," alisema. Hakuuliza.

Nikasahau hata kumwamkia. Nikamwambia wasiende, Mjomba, wazuie, waambie chochote, tuwaite wanajeshi wenye vyombo vya kugundua mabomu. Nilisikia mvua ya kwao na mvua ya kwangu.

"Nimwambie nini, mpwa wangu? Amekunywa uji. Baada ya kukusikia wewe, ameomba uji."

Nikalia. Nikamwambia nitakuja mwenyewe nimweleze Bibi ukweli, uongo wangu na wake, atulaani tukiwa pamoja.

"Vijana nitawazuia," akasema. "Hilo usihofu. Nitatangulia mimi."

Nikamwambia hapana. Nikapiga kelele, mpaka mteja aliyejikinga mvua barazani akageuka. Mjomba akasubiri nimalize.

"Nilikuwa niende siku ile," akasema, na akakata.

Sasa hivi simu yake imezimwa. Ya Mama bado haipatikani. Nimempigia jirani yao mwenye duka, inaita bure. Madereva wa bodaboda watatu wamekataa, wanasema bondeni maji yamepita juu ya barabara, tungoje yapungue. Nimeandika haya yote ili mikono iwe na kazi.

Mashine ya Mjomba bado inawaka hapa mezani, feni inazunguka vizuri kabisa. Angetaka kulifuta lile faili angelifuta kwa kidole kimoja. Badala yake alilimwagia salfa kila mwaka, sisimizi wasilile. Alitaka lidumu, na alitaka lisisomwe. Nimelisoma mimi.

Kesho nikifika nitakaa mkekani kwa Bibi na kumwambia kwamba hesabu haipo, haikuwahi kuwapo. Nimeapa. Hata kama uji ataukataa tena.

Gari la kwanza la Mahurunga, kama maji yatapungua, linaondoka saa kumi na mbili asubuhi.

Mjomba huamka saa kumi alfajiri.