Kijiti Nyuma ya Jiwe la Mwezi

Mpendwa Bi Verna,

Nakuomba kabla hujanicheka unisome mpaka mwisho, maana mke wangu nikianza tu kulitaja jambo hili huinuka kwenda kuosha vyombo ambavyo tayari ni visafi, na watu wengine ninaoweza kuzungumza nao ndio haohao ninaowaogopa. Mimi ni fundi wa meno ya bandia hapa Toledo, nina miaka arobaini na sita, mchana kutwa kazi yangu ni kulinganisha rangi ya jino na jino mpaka daktari mwenyewe asijue lipi la Mungu na lipi langu, kwa hiyo jicho langu ndilo linalonilisha na ndilo lililoniponza.

Miaka sita iliyopita mimi na wenzangu wanne tulianza kuisafisha filamu moja ya zamani ya safari za anga, Mlinzi wa Mwezi wa Saba, ya mwaka 1961, tukitumia nakala ya mzee mmoja nitakayemwita Lowell (majina yote nimebadilisha), ambaye kwa miaka kumi na tisa aliendesha mashine ya kuonyeshea filamu kwenye sinema ya uwanjani, zile ambazo watu walikuwa wanatazama wakiwa ndani ya magari yao. Sinema ilipofungwa wakataka kuitupa ile mikanda, yeye akaipakia kwenye buti la gari lake akaenda nayo nyumbani, akaitunza kwenye chumba cha chini miaka arobaini, akampa mkewe amri kwamba hata nyumba ikiungua atoe kwanza mikanda halafu paka. Tuliipiga picha moja baada ya nyingine, picha laki moja na arobaini na nne elfu, na kila picha nimeifuta vumbi na mikwaruzo kwa mkono wangu mwenyewe. Sijawahi kumaliza kazi kubwa kama hiyo maishani, na nilipoimaliza nililia mbele ya mke wangu, yeye akaniambia, "Hongera, baba. Sasa unaweza kufuta vumbi la sebuleni."

Sasa, Bi Verna, sisi watu wa kusafisha filamu tuna imani yetu, na imani yenyewe ni kwamba kampuni huharibu. Kampuni ikitoa toleo lake jipya rasmi hulainisha nyuso mpaka waigizaji wanafanana na sabuni iliyotumika, hubadili rangi, huficha makosa ya zamani kana kwamba yanawaaibisha, lakini mkanda wa zamani uliopita kwenye mashine mbele ya watu, huo hausemi uongo. Hivyo ndivyo tulivyoamini wote, na mwaka jana kampuni ilipotoa toleo lake la Mlinzi tulikuwa tumeshakunja mikono ya mashati kabla hata hatujalitazama.

Toleo lao lilikuwa na giza. Kuna pale yule mwanamke anapotoka nje ya chombo na kukanyaga mwezi kwa mara ya kwanza: kwetu unamwona yeye, unaona milima nyuma yake, unaona jiwe kubwa linaloelea, na ukikodoa macho unaona kijiti kinachoshikilia lile jiwe kwa nyuma. Kwao huoni kitu mpaka awashe taa. Basi nikaweka picha mbili mtandaoni, yetu kushoto na yao kulia, nikachora mshale mwekundu kwenye kijiti, nikaandika kwamba wamefuta kijiti, wametuibia mikono ya mafundi wa mwaka 1961, na kwamba aliyefanya hivi haipendi filamu. Ukurasa huo ulisomwa na watu wengi kuliko wote waliowahi kusoma kitu nilichoandika. Wakamtafuta mpanga rangi na mwanga wa lile toleo, mwanamke nitakayemwita Renata, wakamwita muuaji, wakamjazia matusi kila mahali mpaka akafunga kurasa zake. Kabla hajazifunga alijibu mara moja tu, kwa upole, akasema, "Nilifuata karatasi za maabara iliyochapa mikanda mwaka ule na maelezo ya mpiga picha mwenyewe. Pale palitakiwa pawe na giza." Mimi nikamjibu mbele ya dunia nzima, "Karatasi haina macho."

Watu walilipenda sana jibu hilo, Bi Verna. Wenzangu wamechapisha fulana sitini zenye maneno hayo kifuani. Baadaye nikasikia kwamba filamu nyingine ya zamani aliyokuwa amepangiwa Renata amepewa mtu mwingine, na nakiri kwamba siku hiyo nilifurahi.

Jumamosi hii tunaonyesha matoleo yote mawili kwenye sinema ya mjini, moja baada ya jingine, tiketi mia tatu zimekwisha, na wiki tatu zilizopita nilikuwa napanga makopo ya mikanda kwa ajili ya siku hiyo. Kopo la mwisho lilikuwa na utepe wa zamani uliojikunja, nikaubandua ili nibandike mpya, chini yake nikakuta karatasi ya maabara, imepauka lakini inasomeka vizuri kabisa: NAKALA YA UWANJANI. IMEONGEZWA MWANGA. ISITUMIKE NDANI YA JENGO, na chini yake kiasi cha mwanga ulioongezwa. Nikakaa chini kwenye sakafu. Halafu nikaenda kwenye kompyuta nikapunguza mwanga kwa kiasi kilichoandikwa kwenye ile karatasi, na kile kijiti kikapotea, milima ikapotea, pakawa na giza tupu na sauti ya pumzi zake, halafu akawasha taa na uso wake ukatokea. Ilikuwa nzuri kuliko yetu. Nimeisafisha filamu ile miaka sita na nilikuwa sijawahi kuiona.

Sijamwambia mtu. Karatasi nimeificha kwenye droo ya soksi. Mke wangu ananiona sili, juzi aliniuliza, "Wewe vipi, jino la mtu limekukwama kooni?" nikasema ni mafua. Mwenye sinema amemwalika Renata, na Renata amekubali, atakaa mbele, na nyuma yake watakaa watu sitini wenye fulana zangu. Nilipompelekea mzee Lowell habari hizo alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Mwekee kiti cha mbele kabisa, mwanangu, aone filamu ilivyokuwa." Yeye ana miaka themanini na mitatu, moyo wake mbovu, na jambo moja tu analojivunia duniani ni kwamba aliokoa filamu ya kweli. Mara nyingi hunisimulia, "Kiangazi jua letu halina haraka ya kuzama, bwana. Tulikuwa tunaanza mbingu bado nyeupe, watu wanapiga honi. Ungewawekea filamu ya giza wangetazama nini, bisi?" Nimeyaandika hata maneno hayo kwenye kijitabu cha Jumamosi. Nawezaje kumwambia mzee kama huyo kwamba hazina yake ilikuwa nakala ya magarini? Nawaza nikae kimya mpaka atakapopumzika, halafu niseme. Au niseme baada ya Jumamosi, taratibu, mtandaoni. Au nisiseme kabisa, kwani nani amedhurika, ni filamu tu. Nisaidie, Bi Verna, nakuomba unijibu kabla ya Jumamosi.

Mwenye Droo ya Soksi, Toledo


Mpendwa Mwenye Droo,

Sijakucheka. Nilicheka kidogo pale kwenye paka, lakini hapo nilimcheka mzee, si wewe. Mtu akitoa miaka sita kusafisha kitu anachokipenda anastahili heshima, hata kama kitu chenyewe ni mwanamke anayetembea mwezini, na najua unavyoumia kugundua kwamba ulikipenda bila kukiona. Hilo nakupa pole, tena ya dhati.

Pole imeishia hapo. Unauliza nani amedhurika, wakati umeshaniandikia mwenyewe nani amedhurika: mwanamke aliyefanya kazi yake sawasawa, akatukanwa, akanyang'anywa kazi nyingine, na wewe ukafurahi. Ni filamu tu, sawa. Mwambie yeye kwamba ni filamu tu. Alikwambia alisoma karatasi, ukamdhihaki, na leo wewe unayo karatasi kama zake na umeifunika kwa soksi. Nyani haoni kundule. Ulimshitaki mwenzio kwa kuficha kijiti, na wewe unaficha nini?

Halafu usinitangulizie mzee. Nimesoma barua yako mara mbili, na mtu ninayemwona akitetemeka humo si Lowell. Mzee amekwambia kwa mdomo wake, si mara moja, kwamba walianza kuonyesha mbingu ikiwa na mwanga na filamu ya giza isingeonekana. Mtu aliyeendesha mashine miaka kumi na tisa uwanjani unadhani hajui nakala ya uwanjani ni nini? Amekuwa akikueleza muda wote huu alichokiokoa, na wewe uliyachapa maneno yake kwenye kijitabu bila kuyasikia, kwa sababu ulikuwa umeshaamua filamu ya kweli ni ipi. Labda ataumia. Labda atakuuliza kwa nini umekawia. Lakini hiyo habari ya kungoja apumzike ndipo useme, futa kabisa. Unamfanya mzee wa watu ngao, tena unamwombea kifo bila kujijua. Unachokiogopa ni fulana sitini. Unaogopa kuvuliwa nguo mbele ya watu waliokupigia makofi, na hofu hiyo naielewa, ila iite kwa jina lake.

Na kitu kingine, mwanangu. Uliniomba nijibu kabla ya Jumamosi, kwenye gazeti linalosomwa Toledo nzima. Umebadilisha majina. Kwani mji huu una sinema ngapi zinazoonyesha filamu moja mara mbili Jumamosi hii, na mafundi meno wangapi wenye mshale mwekundu? Leo ni Alhamisi. Wakati unayasoma haya na kahawa yako, kuna mtu mwenye fulana anayasoma pia. Nadhani ulilijua hilo ulipotia barua kwenye sanduku. Ulitaka mtu mwingine akubandulie utepe. Haya, nimeubandua, lakini yaliyobaki sitakufanyia.

Mwanzo kabisa mwambie mkeo, sasa hivi, kabla hajafungua ukurasa huu. Ataosha vyombo. Mwache aoshe, wewe endelea kusema.

Kisha mpigie Renata asubuhi hii hii, kabla hajasomewa na mtu. Simu, siyo ujumbe. Usimweleze habari za meno wala za miaka sita wala za imani yenu. Anza na "nilikosea", na ukisikia mdomo wako unaelekea kwenye "lakini", nyamaza. Msomee ile karatasi neno kwa neno. Mwambie pia kwamba ulifurahi aliponyang'anywa kazi, maana hilo hajui nalo ndilo zito. Kisha mwandikie kampuni hiyo iliyompa kazi mtu mwingine, kwa jina lako kamili, uwaambie alikuwa sahihi na wewe ndiye uliyekosea.

Mchana nenda kwa mzee. Mchukulie karatasi aishike. Usimpe hotuba, mwulize tu, "Ilikuwaje?" kisha keti umsikilize safari hii.

Ule ukurasa wenye mshale usiufute. Watu wa mtandaoni hufuta wakidhani wametubu. Uache palepale, na juu yake andika kwa herufi kubwa kwamba umekosea, na uweke picha ya karatasi. Fulana zibaki kwenye maboksi, zitafaa kupangusia vumbi.

Jumamosi onyesheni zote mbili, hakuna sababu ya kuahirisha. Nakala ya Lowell si uongo, ni filamu ile kama walivyoiona watu waliokaa garini jua likiwa bado juu, na hiyo ni historia nzuri ikitajwa kwa jina lake. Wewe panda jukwaani kabla ya mkanda wa kwanza, useme ulichokuta na ulichomfanyia mtu. Lakini radhi usimwombe pale. Mbele ya watu mia tatu atalazimika kutabasamu, na utakuwa umemwonea mara ya pili. Radhi ni ya kwenye simu, mkiwa wawili tu, mahali ambapo ana uhuru wa kukunyima.

Na akikunyima, akakukatia simu, usimpigie tena. Jumamosi panda useme vilevile, awe kwenye kile kiti au kiwe kitupu.

Bi Verna