Jumamosi Zote Nilizosema Niko Kazini

Shangazi, shikamoo.

Naanza na shikamoo kwa sababu ningeanza na kitu kingine ungenikemea hata huko uliko. Si wewe uliyemrudisha mtendaji wa kijiji hadi nje ya ua, aanze upya, kwa kuwa alifungua karatasi yake kabla ya kukusalimu?

Ninakuandikia kwenye daftari lile lenye maua ya zambarau. Uliwahi kuliona juu ya kabati langu ukauliza kama nimerudi shule. Nilikuambia ni daftari la shukrani, kwamba yule dada wa podikasti anafundisha kuandika kila asubuhi mambo matatu unayoshukuru. Ulicheka mpaka kitambaa kikakuvuka kichwani. "Kwani Mungu hasikii mpaka umwandikie?" Leo sina matatu, Shangazi. Nina moja tu, na si la shukrani.

Kwanza habari za nyumbani, maana najua ungeziuliza. Ni miezi minne sasa tangu tukuzike. Mvua zimekuja vizuri Mvumi, na Mama Eliza jirani yako ameomba kile kishamba chako cha nyuma, tumemruhusu, amepanda karanga. Kuku wako wanalala kwake. Yule mweupe bado anataga chini ya mkokoteni, hajajirekebisha. Nyumba nimeifunga kwa kufuli na ufunguo uko hapa mezani. Nywele zangu zinasukwa na binti mmoja wa saluni jirani na ofisini. Anavuta kana kwamba anafunga mbuzi wa mnadani, na hazungumzi chochote.

Wewe ulikuwa unazungumza. Ndiyo maana nywele za Jumamosi zilikuwa zinachukua asubuhi nzima.

Sijui kama unakumbuka Jumamosi zetu zilivyoanza. Mimi nakumbuka, na ningependa nisikumbuke. Ilikuwa kliniki ya sukari. Muuguzi alikuwa anakugusa nyayo kwa ncha ya kalamu, hapa na pale, akikuuliza kama unasikia. Ukamuuliza, "Kwani umeshaanza?" Mimi nikacheka. Yeye hakucheka. Aliweka kalamu chini akanitazama mimi, hakukutazama wewe, akasema huyu mama miguu yake ina ganzi, hata akichomwa hatajua, na macho yake hayafiki chini huko. Kila wiki lazima mtu amkague nyayo. Akaniuliza, "Wewe ndiye huyo mtu?"

Nikasema ndiyo, ni mimi.

Tangu hapo ukawa unakuja mjini kwa gari ya asubuhi, na kapu lako. Ndani yake mlenda mkavu, na ile chupa ya soda yenye mafuta ya nyonyo uliyokamua mwenyewe, imezibwa kwa kipande cha gunzi. Nilikaa mkekani katikati ya magoti yako ukanisuka. Kisha tulibadilishana. Wewe kwenye kiti, mimi mkekani bado, miguu yako mapajani mwangu. Nilitazama kila wayo, nikapita kidole kwa kidole, nikapaka mafuta mpaka kwenye vifundo. Ulisinzia mdomo wazi, na ukiamka ulikana kabisa kwamba ulisinzia. Zaidi ya miaka miwili tulifanya hivyo.

Halafu mwenzangu wa ofisini akanionyesha podikasti. Nilikueleza kwamba ni kama redio, ila unaisikiliza saa unayotaka. Ukasema basi hiyo ni redio ya watu wasio na saa. Ukataka kujua huyo dada anayeongea ameolewa au la, na kama hajaolewa anapata wapi mambo yote hayo ya kuwafundisha wenzake.

Sitaki kumsingizia yule dada. Mengi aliyosema yalinifaa. Nilianza kunywa maji ya uvuguvugu yenye ndimu kabla ya chai. Niliacha soda. Niliacha kushika simu kabla sijasali na kunawa uso. Vipele vya mashavuni vilikwisha, wewe mwenyewe ulisema nimekuwa na uso wa mtoto. Nililala mapema, nikaamka bila kichwa kuuma. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi nilijiona mtu anayejitunza, na nilipenda kujiona hivyo. Labda nilipenda kupita kiasi.

Siku moja ukiwa unafungua chupa nikakuambia mafuta yako yananuka moshi, na kwamba mafuta mazito yanaziba ngozi ya kichwa. Ulirudisha gunzi lako taratibu, ukanisuka nywele zikiwa kavu. Nilitosheka kabisa, nikajiona nimekuelimisha. Baada ya wiki chache yule dada akayasifia mafuta ya nyonyo, nami nikanunua kichupa chenye kifuniko cha dhahabu. Ni mafuta yaleyale, Shangazi. Yako yalikuwa mazito zaidi na yalikuwa na moshi wa jikoni kwako. Nikakiweka kichupa nyuma ya kioo usije ukakiona.

Hilo bado ni dogo.

Kubwa lilikuja wakati wa kung'oa karanga. Yule dada alisema kila mwanamke anahitaji siku moja kwa wiki iwe yake peke yake, asiipe mtu yeyote wala asimweleze mtu sababu. Nilikuwa nimechoka, huo ni ukweli. Ofisini tulikuwa na wiki mbaya. Nikaona Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Ningekuambia hivyohivyo ungeelewa, tena ungenitania mwaka mzima na mambo yangekwisha. Lakini nilikupigia simu Ijumaa nikasema ofisi imeanza kutuita Jumamosi. Yule dada hakunifundisha kudanganya. Hilo nililitunga mwenyewe, nikiwa nimesimama jikoni na ndimu mkononi.

Ukasema, "Basi mwanangu, kazi kwanza. Mungu akutie nguvu."

Nilidhani itakuwa Jumamosi moja, au mbili. Lakini ilikuwa tamu. Nililala mpaka saa tatu, nikapaka udongo usoni, nikasikiliza vipindi viwili mfululizo, na hakuna aliyeniuliza kwa nini sijaolewa. Ijumaa iliyofuata ukapiga tena. "Kesho pia?" Nikasema pia. Ikawa ndivyo, wiki kwa wiki, mpaka ukaacha kuuliza, ukawa unasema tu pole na kazi. Nami nilikuwa naitikia asante. Kila Ijumaa, Shangazi, nilipokea pole yako nikaitikia asante.

Miguu yako niliikumbuka. Nisije nikajifanya nilisahau. Nilijiambia Mama Eliza atakutazama. Sikumpigia Mama Eliza hata siku moja kumwomba.

Kuna Jumamosi moja ya kiangazi, upepo ulikuwa unapuliza vumbi mpaka kwenye sahani, somo lilikuwa ni miguu. Yule dada alisema tunasahau miguu kwa kuwa iko mbali na kioo. Alisema loweka, sugua, kausha katikati ya vidole, paka mafuta, itazame. Nikachemsha maji, nikaweka chumvi na ndimu kwenye beseni la bluu, nikakaa kwenye kiti chako nimepaka udongo usoni, masikio yamezibwa na sauti yake. Nikatazama nyayo zangu mwenyewe muda mrefu. Zilikuwa nzima.

Mwezi uliofuata, siku ya Jumanne, Mama Eliza akanipigia ofisini. Alisema umeshinda na homa siku tatu, na mguu umevimba mpaka gotini. Walikuleta hospitali huku mjini. Daktari alipokuvua soksi nilinusa kabla sijaona. Mwiba wa mgunga, Shangazi. Ulikuwa umepenya katambuga zako za tairi ukavunjikia kwenye unyayo, na wewe ukaendelea kuukanyaga, kwenda kisimani, kwenda kanisani, kwenda shambani. Daktari alisema huu una wiki nyingi humu. Kisha akauliza, na hakuuliza kwa ubaya, ni nani huwa anamkagua mama huyu miguu.

Nilitazama dripu. Nilihesabu matone.

Ukajibu wewe, na midomo yako ikiwa imekauka. "Mtoto wangu ana kazi nyingi, daktari. Hata Jumamosi anaitwa."

Nilikuwa na siku tisa za kukuambia. Nilikulisha uji, nilikubadilisha shuka, nilikupaka mafuta kwenye ule mguu mmoja uliobaki mzima, na kila siku nilisema moyoni leo. Siku ya tisa uliniuliza kama nyanya zimepanda bei, ukalala, hukuamka.

Msibani ndipo nilipopata adhabu yangu. Wale mama wa Mvumi walikuja mmoja mmoja kunishika mikono. Wote walikuwa na maneno yaleyale, kana kwamba uliwafundisha. Shangazi yako alikuwa anatuambia jinsi unavyotumwa. Shangazi yako alikuwa anakuombea kanisani kwa ajili ya kazi yako ya Jumamosi. Mama Eliza akaniambia nisijilaumu, mtumishi wa serikali hana siku yake. Nililia, wakasema anamlilia shangazi yake. Nilikuwa nalia kwa aibu.

Sasa nikueleze kilichonifanya nishike kalamu. Jumamosi iliyopita nilikwenda Gulwe kwa Baba, mdogo wako. Nilimkuta amekaa nje anachambua mbegu za alizeti. Nilimwomba avue viatu. Akaniuliza nimeona nini, yeye hana sukari, na tena mtoto wa kike kumvua baba yake viatu watu watasemaje. Nikamwambia waseme. Nikaketi chini, nikaweka miguu yake mapajani. Ina mipasuko, ina udongo wa miaka, lakini hakuna kidonda. Nilikuwa na ile chupa yako ya soda. Niliichukua kwako siku ile ya kufunga nyumba, ilikuwa imebaki nusu.

Nikiwa napaka, nikiwa nimeinamisha kichwa, nikamwambia, "Baba, mimi sijawahi kuitwa kazini Jumamosi. Nilimdanganya Shangazi."

Aliendelea kuchambua mbegu. Nilidhani hakusikia, nikataka kurudia. Ndipo akasema, "Dada yangu alijua."

Akanieleza kwamba uliwahi kuja. Mguu ulikuwa unakupa moto usioelewa, ukasema ngoja ukanione mimi, Debora wako, hata kama ni jioni nitakapotoka kazini. Ulipanda gari ya asubuhi na kapu lako. Ulikuta geti la ua liko wazi, ukapiga hodi, ukapiga tena, ukachungulia dirishani. Ulimpigia Baba simu ukiwa stendi unarudi, ukicheka, ukamwambia, "Nimemkuta mtoto amepaka udongo kama anayetoka jandoni, miguu iko kwenye beseni, amefumba macho. Amependeza. Nikaona nisimwamshe." Ukamwambia asiniambie kwamba ulifika, nitaona haya.

Miguu kwenye beseni. Niliijua siku hiyo, Shangazi. Sikuhitaji kumuuliza Baba ni lini.

Ulitembea kutoka kwangu mpaka stendi na ule mwiba. Ukaenda Mvumi ukawaambia mama zangu wote kwamba niko kazini. Ukanisemea mbele ya daktari huku unajua. Nilidhani nimekuficha, kumbe wewe ndiye uliyekuwa unanificha. Nikikaa nikifikiri hayo napata hasira, nakukasirikia wewe, na hasira hiyo haina pa kwenda. Ungegonga dirisha. Kwa nini hukugonga lile dirisha? Ungelipiga hata kwa jiwe. Mimi ndiye niliyesema ndiyo kwa muuguzi, na wewe ndiye uliyeogopa kunisumbua.

Baba alisema nisiwe nakula roho yangu, kwamba ulikuwa mtu wa kufunika mambo ya watoto tangu zamani. Nilimvalisha soksi.

Siku ya kujengea kaburi lako imepangwa baada ya mavuno. Wale mama wote watakuwepo, na ndugu wataitwa kusema neno. Nimemwambia Baba kwamba nitasema mimi. Nitawaambia sikuwa kazini. Nitamwambia Mama Eliza kwamba nilipaswa kumwomba na sikumwomba. Nitawatajia kwa mdomo wangu mwiba na beseni. Huenda wakanionea huruma, huenda wakaninyima mkono, na vyovyote watakavyofanya watakuwa wanamfanyia mtu wanayemjua. Nakuahidi hilo, na usinifunike safari hii.

Podikasti bado naisikiliza, nisikudanganye tena. Maji ya ndimu bado nakunywa. Ila masikio nayaacha wazi nikiwa ndani, na geti nimelifungia kengele ya mbuzi, mtu akiingia nasikia.

Mafuta yako yamebaki vidole viwili. Mama Eliza ameniahidi mbegu za nyonyo, na atanifundisha kukamua. Najua mara ya kwanza nitayaunguza. Yatanuka moshi.

Lala salama, Shangazi yangu, na miguu yako yote miwili ipumzike. Gari ya kwenda Gulwe inaondoka baada ya muda mfupi, chupa iko kwenye kapu, na kapu ni lako.

Leo ni Jumamosi. Siko kazini.

Mwanao,
Debora