Skrini ya Ojangole na Fimbo Iliyobaki Nyuma ya Mlango

Mpendwa Mshauri Dorah,

Swali ambalo nimelala nalo na kuamka nalo kwa miezi saba ni hili: mtu aliyemwachisha ndugu yake kazi aliyoipenda ana haki gani ya kumchagulia kitu cha kuziba pengo lake, na kama haki hiyo anayo, achague skrini ipi? Najua nusu ya kwanza ya swali ni yako na nusu ya pili ni ya fundi wa kompyuta, lakini kila nilipojaribu kuzitenganisha zimerudiana, ndiyo maana naomba unisaidie kwa zote mbili.

Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Tororo, nina miaka arobaini na mitatu, na siku za Jumapili huchora kwa kujifurahisha tu, ndege, ule mwamba mkubwa wa mji wetu, nyuso za wanafunzi wakati wa mtihani. Aliyenifundisha ni kaka yangu mkubwa, Ojangole, ambaye kwa miaka ishirini na minane alichora malori pale mpakani Malaba, kwa maana dereva aliyekwama kwenye foleni siku mbili akisubiri karatasi zake zipite kwa wakala hakuwa na la kufanya ila kumwita Ojangole amwandikie jina la mkewe juu ya kioo cha mbele au amchoree tai kwenye mlango wa nyuma. Nyumbani kwake ni Kwapa, kando ya barabara kuu, na kila jioni alikuwa akikaa nje na kiti chake akihesabu kazi zake zikipita, akimwambia mkewe Apolot, "Ona, yule tai bado ana macho."

Mwaka jana alianza kukohoa, daktari akasema mapafu yameharibiwa na thina ya kuyeyushia rangi na moshi wake, na kwamba achague kati ya brashi na pumzi. Kaka aliomba afanye angalau nusu siku. Mimi ndiye niliyekataa, mimi ndiye niliyezungumza na Apolot, na siku Ojangole alipokwenda Molo kwenye mazishi mimi na Apolot tulitoa makopo yote stoo, brashi nikampa mchoraji mwingine, na ikabaki tu ile fimbo yake ya mwanzi yenye kichwa cha kitambaa, ambayo wachoraji wa malori huegemezea kifundo cha mkono ili wasiguse rangi mbichi, nayo niliiacha nyuma ya mlango kwa kuwa niliona ni fimbo tu. Aliporudi hakugomba. Alitazama stoo, akasema, "Mwalimu amesahihisha," akaingia ndani.

Tangu siku ile amekigeuza kiti chake. Hukaa akiipa barabara mgongo na kuutazama ukuta wa nyumba yake mwenyewe. Nikimpelekea karatasi na penseli husema hizo ni za watoto wa darasa la pili. Amekonda, Mshauri, na daktari anasema kifua kimepata nafuu, kwa hiyo kinachomkondesha si kifua.

Ndipo nikawaza skrini ya kuchorea, ile ambayo mtu huchora kwa kalamu moja kwa moja juu ya kioo na kuona mstari ukitokea chini ya ncha, isiyo na harufu wala moshi, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kusoma kwanza, nilisoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kupotea: kuna skrini za inchi kumi na tatu, kumi na sita na ishirini na mbili, kuna ambazo kioo kimegandishwa na onyesho lake na ambazo kuna nafasi katikati hata mstari uonekane umekaa mbali na kalamu, kuna zinazojivunia maelfu ya ngazi za mgandamizo wa kalamu na mamilioni ya rangi, kuna ambazo hazifanyi lolote bila kompyuta na kuna tableti zinazojitegemea kwa betri lakini huwa ndogo au ghali, na huku Kwapa umeme ukikatika mara kwa mara, na laptopu niliyonayo ni moja, ya zamani, ambayo pia ndiyo ninayoandikia maksi za wanafunzi. Nimejaza daftari zima kwa kulinganisha. Kila Jumatatu nina jibu, kila Ijumaa nimelitilia shaka.

Mwezi uliopita nilimpeleka kaka kwa Arnold, rafiki yangu anayetengeneza kadi za harusi upande wa Kenya wa Busia, ambaye ana skrini mbili, ya inchi kumi na tatu anayoitumia na ya kumi na sita anayotaka kuiuza. Alimkaribisha vizuri, akamketisha mbele ya ile ndogo iliyolazwa mezani.

"Mzee, hii kalamu haina wino wala betri. Wewe chora tu, usiogope."

Ojangole aliinama akakitazama kioo. "Hii kioo iko na rangi mbichi?"

"Hakuna rangi, mzee. Ni stima tu."

"Basi mkono naweka wapi?"

"Weka tu hapo juu. Haiharibiki."

"Wewe bwana, nani anaweka mkono juu ya kazi?" Kisha akanigeukia mimi. "Akiror, fimbo yangu iko wapi?"

"Wueh! Mzee anataka kuchapa kompyuta!" Arnold akasema, na wateja wawili waliokuwa wakisubiri kadi wakacheka, nami pia nilicheka kidogo. Kaka aliilaza kalamu pembeni mwa meza, sambamba kabisa na ukingo, kama alivyokuwa akilaza brashi, akasema, "Twende nyumbani. Mvua inakuja." Hapakuwa na wingu hata moja.

Hajaitaja skrini tena. Nimehitimisha kwamba mashine imemtisha, na kwamba pengine nimnunulie tableti ndogo inayojitegemea aizoee polepole peke yake, lakini sina hakika na hitimisho hilo, kama nisivyo na hakika na mengine yote. Apolot anasema, "Mnunulie mbuzi. Mbuzi haitaki waya." Arnold ameniahidi kuniwekea ile ya inchi kumi na sita hadi mwisho wa mwezi huu, baada ya hapo ataiuza kwa mtu wa Bungoma ambaye humpigia simu kila siku. Nikikosea kuchagua, naogopa kwamba nitakuwa nimemfungia kaka yangu mlango wa pili, na sidhani kama ataustahimili. Nifanye nini?

Akiror, Tororo

*

Dada Akiror,

Pole. Umebeba mzigo mzito na umeubeba kwa upendo, hilo linaonekana katika kila mstari. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Umetumia aya ndefu kunieleza skrini, na maneno manne kunieleza kicheko chako. Wewe mwenyewe, mtu wa kupima kila kitu, ulipofika pale uliandika "nilicheka kidogo" ukapita. Mimi nimesimama hapo hapo. Wateja wa kadi walicheka kwa kuwa hawakujua. Arnold alicheka kwa kuwa hajawahi kuchora lori. Wewe ulifundishwa kuchora na mtu huyo. Ulijua fimbo ile ni ya nini, umenieleza vizuri kabisa katika barua yako, hata mimi nisiyejua kushika brashi nimeelewa. Na bado ulicheka.

Kaka yako hakuikataa mashine. Alikuwa tayari kuianza. Mtu anayekataa haulizi mkono uwekwe wapi. Kwa miaka ishirini na minane alichora akiwa wima, akitumia bega lake, kazi ikiwa imesimama mbele yake kama mlango, na kiganja hakikugusa kazi hata siku moja, kwa sababu siku kingegusa angeharibu jina la mke wa mtu. Ninyi mkamketisha, mkamlazia kioo kidogo mezani, mkamwambia akilalie. Aliomba chombo kimoja cha kazi yake, kile pekee ambacho hukukigawa, na mlimjibu kwa mzaha. Ningekuwa mimi, hata mimi ningeiona mvua.

Hii ni mara ya pili unafanya hivyo. Stoo uliisafisha akiwa mazishini. Daktari alikuwa na haki, na huenda umemwokoa maisha, sikunyang'anyi hilo. Lakini kuna tofauti kati ya kumwambia mtu mzima "lazima uache" na kumfanya arudi akute ameachishwa. Na sasa kwa miezi saba umesoma maoni ya watu wa mbali ambao hutawajua kamwe, ukajaza daftari, na katika daftari hilo sioni swali hata moja ulilomwuliza Ojangole.

Kwa hiyo, kabla ya duka lolote, nenda Kwapa. Nenda mikono mitupu, bila skrini na bila picha ya skrini kwenye simu, ili msamaha usionekane umefungwa kwenye zawadi. Mwambie umekosea kuhusu stoo na umekosea kuhusu kicheko, kila kosa kwa jina lake. Kula alichopika Apolot. Kisha mwambie akuoneshe, kwa fimbo yenyewe, jinsi mkono wake unavyofanya kazi, na wewe utazame kama ulivyotazama ulipokuwa mdogo. Ndipo umwulize kama angependa kujaribu tena. Akisema hapana, ni hapana, na mbuzi wa Apolot si wazo baya.

Akikubali, mwombe Arnold afungue mapema siku moja, kabla ya wateja, na awe na adabu. Weka ile ya inchi kumi na sita juu ya kiegemeo chake, isimame karibu wima, kwenye meza iliyoinuka, na Ojangole asimame akitaka. Kichwa cha fimbo kiegemee ukingo wa kiegemeo, si kioo, na kitambaa kiwe safi kisibebe mchanga wa kukwaruza. Ile ya kumi na tatu isahau, na tableti ndogo pia isahau: mkono unaotoka begani utajikunja humo kama mtu mrefu kwenye kitanda cha mtoto. Ya ishirini na mbili ingemfaa, ila sioni utaisafirishaje wala utaiwashaje umeme ukikatika.

Katika ile ya Arnold, kagua mambo haya kabla ya kutoa chochote. Je, mstari unatokea chini ya ncha, au pembeni yake? Ukiona umekaa mbali hata baada ya Arnold kuirekebisha, iache, kwa sababu mtu aliyezoea rangi ibaki pale alipoiweka hatavumilia hilo. Chora mistari ya mshazari polepole kutoka kona hadi kona. Ikitetemeka kwenye kona wakati mkono umetulia, iache pia. Hakikisha kalamu ni ya skrini hiyo hiyo na kuna ncha za akiba. Uende na laptopu yako mwenyewe, uichomeke pale pale na kuona inafanya kazi, maana skrini hiyo haina akili yake na laptopu ya zamani huenda isiwe na tundu linalohitajika. Mamilioni ya rangi na maelfu ya ngazi usiyalipie. Malori ya Malaba aliyapendezesha kwa makopo machache ya stoo.

Na hapa kuna jambo ambalo daftari lako limelikwepa. Kama laptopu ni yako na Jumatatu inarudi Tororo, basi utakuwa umemnunulia kaka yako Jumapili tu, tena Jumapili unazoamua wewe. Iache Kwapa. Maksi ziandike kwa mkono au kwa kompyuta ya shule, na uvumilie. Kama huwezi kuiacha, usinunue skrini hiyo.

Mtu wa Bungoma akiwahi, awahi. Hofu ya mwisho wa mwezi ndiyo iliyokufanya udhani kwamba unachagua kifaa.

Sasa niseme nisichokijua. Sijui kama kioo kinaweza kumrudishia mtu kitu ambacho sehemu yake ilikuwa harufu, na madereva, na kukiona kinapita barabarani siku ya pili kikiwa na macho. Tai wa ndani ya skrini haendi popote. Huenda Ojangole akachora vizuri mno na bado kiti kikabaki kimeutazama ukuta. Ulichoniuliza mwanzoni, kama una haki ya kumchagulia, nacho nimekizunguka bila kukijibu. Kila nikikaribia kusema huna, nakumbuka kwamba bila uamuzi wako huenda tusingekuwa na mtu wa kumuuliza.

Siwezi kulimaliza swali hilo, na sababu yake ni moja. Barua niliyonayo ni yako. Ya Ojangole sina. Katika kurasa zako zote yeye amesema maneno machache, na katika hayo, ukiacha ile nusu siku uliyomnyima, ameomba kitu kimoja tu, na ushauri wangu wote nimeuegemeza hapo. Ni mwanzi mwembamba. Nenda ukasikie mengine.