Siku Ulipoingia Kazini Peke Yako

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini naanza hivyo hivyo, maana miaka yako ya mwisho salamu ndiyo kitu ulichonyimwa kuliko vyote.

Unakumbuka jioni zetu pale Igoma, wewe umeloweka mikono kwenye beseni la maji ya moto? Ulikuwa unakata minofu ya sangara kiwandani, na barafu ilikuwa imekukakamaza vidole. Mama anakukanda, wewe unatuambia sangara wa kiwandani hufa mara mbili, mara ya pili kwa baridi. Tulicheka sana. Mabula alikuwa rafiki yako wakati huo. Mlikata samaki meza moja, mkala sahani moja, na mimi nilimwita baba mdogo.

Halafu ukaja mgomo. Mwenzenu mmoja alioza vidole kwa barafu hadi vikakatwa, nanyi mkakubaliana kutoingia kazini mpaka mpewe glavu nzito. Asubuhi ile Mabula na wenzake walisimama nje ya geti. Wewe ukapita katikati yao, ukaingia. Meneja alikuwa amekunong'oneza kwamba atakayeingia atapewa usimamizi.

"Mwaka huu natoka kwenye barafu," ulituambia jioni, umechangamka kama bwana harusi.

Mgomo ulikufa siku ileile. Walipokuona ndani, wengine nao wakaogopa kufukuzwa, wakaanza kuingia mmoja mmoja, Mabula akiwa wa mwisho. Glavu hazikuja. Hao wote walisameheana. Wewe ndiye uliyetangulia, hukusamehewa.

Yaliyofuata sikuyajua mpaka Mama Neema, aliyekuwa meza ya jirani, aliponisimulia huku analia. Hakuna aliyekutukana. Mabula alisema tu, "Huyu hayupo," na ukawa haupo. Ukikaa kwenye benchi kula, benchi zima linainuka. Vijana walioajiriwa juzi walifundishwa kukunyima shikamoo kabla hawajafundishwa kushika kisu. Siku ulipoteleza ukaanguka na kreti la samaki, walikuruka kama gogo, wakaendelea kukata. Hata Mama Neema alikuruka.

Na ulipokwenda kumkumbusha meneja ahadi yake, alikujibu mbele ya karani, "Mtu aliyewageuka wenzake, mimi atanifanyaje?"

Ukawa unarudi nyumbani unatusalimia mmoja mmoja, tukishaitika unaanza upya. "Hamjambo? Na wewe hujambo?" Tulidhani umebuni utani mpya.

Kifua kilipokuondoa, tulikusafirisha kwenda kukuzika kwenu Nansio, kisiwani. Mfanyakazi wa pale akifa, wenzake hujaa gari zima kumsindikiza. Kwako hakuja hata mmoja. Jeneza lako lilishushwa kivukoni na mjomba, shemeji na abiria wawili waliotuonea huruma. Kiwanda kilituma shada la maua. Jina la kiwanda lilikuwa kubwa, lako walilikosea.

Baba, nilikuwa nimeapa kutokanyaga pale. Nikamaliza chuo, nikazunguka Nyamagana yote na bahasha mkononi, na mlango uliofunguka ni uleule. Mwezi uliopita wamenipa usimamizi. Ndiyo, huohuo uliowauza wenzako ili uupate.

Mabula bado yupo. Amezeeka, vidole vimemvimba, asubuhi havikunjiki. Jumatatu alinifuata ofisini, amevua kofia.

"Binti yangu, naomba unitoe kwenye barafu. Hata kufagia nitafagia. Mikono imekwisha."

Kazi ya kufagia ilikuwepo, na mtu wa kuipanga ni mimi. Nilijua pia kwamba glavu zile zingekuja, mikono yake isingekuwa vile. Nilijua ni nani aliyezizuia asubuhi ile getini.

"Hapana," nikasema. "Rudi mezani."

Alitembea hadi mlangoni, kisha akageuka.

"Baba yako asingenifanyia hivi."

"Ndiyo maana alikufa alivyokufa," nikamjibu.

Niliitarajia furaha, baba. Haikuja, lakini sikumwita arudi. Leo asubuhi nimempita anabana kisu kwa viganja vyote viwili, minofu inamponyoka. Aliinua macho. Sikupunguza mwendo. Wanawake wa meza ile waliinamia samaki wao, na nadhani wameanza kuniogopa. Mama nimemwambia, akaacha kula, akaniuliza nimejifunza wapi roho hiyo. Yeye ndiye aliyekukanda vidole miaka yote ile, na swali lake lilikuwa la haki.

Ungekuwepo ungenikemea, kisha ungekwenda mwenyewe kumshika Mabula mkono. Ulikuwa mtu wa namna hiyo, na wao waliijua namna yako vizuri, wakaitumia kukumaliza. Nakupenda. Lakini sitaki kufanana nawe.

Lala salama huko Nansio, ziwa likupoze. Mimi kesho nina zamu ya asubuhi, na Mabula yuko mezani.

Binti yako mkubwa