Kalamu Mbele ya Macho Yetu

Madison, 14 Oktoba

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini goti limetulia na bado unakaa safu ya mbele kanisani, ambako mahubiri unayasikia. Mimi sijambo, ila Ijumaa ilinitoa jasho.

Nilikuwa natoka kula samaki kanisani, jua bado lipo, kulungu akakatiza barabarani. Nikamkwepa, nikavuka mstari, na nyuma yangu kumbe kuna askari. Akaniteremsha, akashika kalamu mbele ya uso wangu. "Kichwa kitulie, mama. Fuata kalamu kwa macho tu." Akarudia mara tatu, kisha akaniambia kwa upole kwamba macho yangu yanarukaruka kama ya mlevi. Mama, nilikuwa nimekunywa maziwa.

Akanikamata. Kituoni nikapuliza kipimo, kikasoma sifuri, akaniomba radhi. Jumatatu daktari wa macho akaniambia nimezaliwa hivi, na kwamba mara nyingi ni jambo la kurithi. Akaniuliza ni nani mwingine nyumbani aliye hivi. Nikakukumbuka wewe na kalamu yako.

Nimemuuliza wakili. Anasema hapa kwetu lile la kalamu dereva anaweza kulikataa kistaarabu, lakini ukishakamatwa ukakataa kupuliza, leseni inachukuliwa mwaka mzima. Wewe, siku ile ulipokamatwa, ulifanya kinyume. La kalamu ulilikubali kwa kuwa hukuwa na la kuficha, macho yakarukaruka, halafu kituoni ukamwambia yule askari kijana, "Mwanangu, sijawahi kumpulizia mwanamume usoni, na leo sianzi." Miaka sita tumeyacheka maneno hayo. Wewe hukucheka, wala hukushika usukani tena.

Sasa la moyoni. Siku ile ulishinda ukiloweka matunda ya cheri ya Krismasi kwenye brandi. Nilikukumbatia ukiondoka, nikanusa pombe, nikaogopa tusije tukakuzika kwa ajali kama Baba. Aliyewapigia askari simu ni mimi. Sikukuuliza hata swali moja, na nimekuacha umnunie jirani yako Ardell hadi leo, ukidhani ni yeye. Nisamehe, Mama. Ulisema kweli tangu mwanzo kwamba hukunywa.

Jumamosi nakuja. Mwaka wa adhabu uliisha zamani. Tutapita ofisi ya leseni, kisha kwa Ardell na chupa ya cheri, nami nitamweleza mwenyewe. Ukishaipata leseni utaendesha wewe, mimi nitakaa kiti cha abiria na kunyamaza.

Msalimie paka, na wote wa kwaya. Nakubusu macho yote mawili, hayo hayo uliyonipa.

Mwanao,
Janelle