Choo cha Mkamwana

Ndugu yangu Barasa,

Watu wengi hukosea kudhani kwamba choo ni shimo na saruji tu. Hata mimi, karani wa afya, nilidhani hivyo. Lakini kwanza pokea salamu zangu. Mimi mzima, ila baridi ya Ruiru hunibana kifua. Mama anaendeleaje na miguu yake?

Wataalamu wa shirika la afya la mataifa walifika Thika wakatufundisha kutengeneza mabamba ya saruji ya vyoo. Wakachagua kambi yetu ya kahawa huku Ruiru iwe mfano, wakajenga choo kimoja kwa kila safu ya nyumba. Bwana mkubwa wa shamba akasema sitapewa pasi ya kusafiri kuja nyumbani mpaka vyote vitumike.

Kila asubuhi nilikuta vyoo vikavu, na njia mpya zimekanyagwa kwenye mibuni. Wageni wakaleta picha kubwa ya inzi. Nikaieleza kutwa nzima, jinsi inzi anavyobeba uchafu hadi kwenye chakula. Mwishowe Mzee Makokha, mpogoa kahawa kutoka kwetu, akaniambia, “Karani, huyo inzi tumemwelewa, sasa mpumzishe. Mimi nitoke chooni nikutane na mkamwana wangu anangoja mlangoni? Afadhali nirudi kwetu kwa miguu.”

Wanawake walicheka. Mimi niliikunja picha kwa aibu. Nimekaa peke yangu chumbani miaka mingi hata nikasahau kwamba mtu na mkamwana wake, mke wa mwanawe, hawaingii choo kimoja.

Nilimweleza mtaalamu. Alisikiliza vizuri, akakubali kila safu iongezewe choo cha pili. Lakini saruji lazima iombwe ng’ambo, na jibu huchukua miezi. Mpaka lije, pasi yangu iko mezani kwa bwana mkubwa. Nimeomba mara tatu, nimekataliwa mara tatu.

Nilitaka kuja kuchimba mwenyewe kabla mke wa mwanangu hajajifungua. Umeniandikia kwamba bado anashuka kijitoni, pale pale mnapoteka maji, kwa sababu choo cha boma ni kimoja, na ni cha wazee. Sitafika kwa wakati, Barasa. Saruji si lazima; magogo na udongo vinatosha.

Nisalimie Mama, mke wangu, na shemeji yetu mwalimu.

Usimuulize mkamwana wewe mwenyewe, nawe pia ni baba mkwe wake. Leo hii mtume mkeo akamuulize anataka choo chake kiwe upande gani, kisha uanze kuchimba.

Kaka yako,
Zakayo